Kidole Changu na Mtu wa Jinja

Naikumbuka Jumapili moja, mjukuu wangu, niliyomgombeza mtu wa Jinja mimi nikiwa hapa Nakuru, kwa muda wa chai kuchemka mpaka ikapoa, kosa lake likiwa kwamba hanijibu. Na alikuwa hanijibu kwa sababu ya kidole changu mimi mwenyewe. Nimeanza na aibu yenyewe ili tumalizane nayo. Kama unataka kucheka, cheka sasa, kwa sababu huko mbele nitakukasirikia.

Nakukasirikia kwa nini? Kwa sababu juzi mama yako alikuita, ukajibu kabla hajamaliza, ukaenda kuleta kitu ambacho hakuagiza, ukarudi ukanuna ati hashukuru. Nikajiona mimi kabisa, na si sura niliyopenda kuona.

Shule niliiacha standadi sita, au iliniacha yenyewe, tusibishane. Nikatoka kwetu Rongai nikiwa na miaka kama ishirini, nikaja mjini, nikaandikwa kazi na Fundi Harbans, Kalasinga mmoja mzee, Mhindi wa kilemba, mwenye duka la kutengeneza redio nyuma ya stesheni. Ilikuwa ile miaka ya hamsini, Hali ya Hatari haijaisha, mtu akitembea bila karatasi zake analala ndani. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache. Mke wake alikuwa amekufa, watoto hakuwa nao, na chakula chake alikula amesimama, kama ng'ombe.

Siku za kazi alitengeneza redio za watu. Lakini roho yake ilikuwa kwa chumba cha nyuma. Huko aliweka mashine kuukuu ya jeshi, iliyobaki na vita vya Hitla, nzito kama jiwe la kusagia, na hiyo haikuwa ya kusikiliza taarifa ya habari. Hiyo ilisikia na pia ilisema. Watu wa mchezo huo walikuwa wachache, huyu Molo, yule Dodoma, mwingine ng'ambo kabisa, kila mmoja na waya yake ya kunasa sauti juu ya nyumba, wakiitana hewani bila kazi yoyote. Unanisikia vipi? Nakusikia vizuri. Huko mvua imenyesha? Imenyesha. Haya, kwaheri. Mimi niliona ni watu wazima wameugua.

Hata hivyo waya yake niliivuta mimi. Tuliifungua kutoka kwa mota iliyoungua, nikaipandisha kwa mti wa bulugamu, nikaileta mpaka kwa tangi la maji, na kila mwisho tukaifunga kwa shingo ya chupa iliyovunjwa, ndiyo nguvu isitoroke kupitia kwa mti. Nilianguka kutoka kwa huo mti mara mbili. Mara ya pili Fundi alitoka mbio, nikafikiri anakuja kuniokota, kumbe anaangalia kama waya imekatika.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Fundi alikuwa na ndugu mmoja tu, Kirpal, huko Uganda. Mke wa Fundi alipokufa, Kirpal hakuja mazishi. Kwa nini hakuja, sikuambiwa. Fundi akaacha kumwandikia, na Kirpal akahama kazi, hata anwani ikapotea. Halafu siku moja, miaka imepita, Fundi anaita hewani kama kawaida, na anayejibu kutoka Jinja ni ndugu yake. Na desturi ya watu wa redio ni kwamba mtu akikuita unamjibu, hata kama ni adui. Basi wakaulizana unanisikia vipi. Wakaambiana habari ya mvua. Kutoka hapo, kila Jumapili saa kumi, wale wazee wawili wakaongea kwa Kiswahili, kama wageni, juu ya waya na mvua, waya na mvua, na huyo marehemu hakutajwa hata siku moja. Nilikuwa nakaa pale nachoka kwa niaba yao.

Halafu Kirpal akasema anarudi kwao India, asirudi tena huku. Treni yake ingepita hapa Nakuru. Jumapili inayofuata, akasema, atamwambia Fundi ni treni ya siku gani, halafu ataifunga mashine kwa sanduku. Fundi akamjibu tu, haya, kwaheri. Lakini wiki hiyo nilimwona amefua kilemba chake kizuri, akakianika mahali pa kivuli kisichujuke.

Jumapili yenyewe asubuhi, mzungu wa shamba moja huko Solai akamtumia gari aende kufufua pampu. Akaenda akiniambia atarudi kabla ya saa kumi. Mvua ikanyesha. Wewe unajua barabara ya Solai ya siku hizi. Hiyo ya zamani ilikuwa ni uji. Lakini alikuwa ameniachia maagizo, akayarudia kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara. "Kibet, asipojibiwa mara moja ataendelea kuita. Wewe sikia tu. Akitaja siku, andika. Hii swichi ya maiki usiguse. Leseni iko na jina yangu, si yako. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza.

Saa kumi ikafika, sauti ikatoka Jinja, wazi kabisa, inamwita Fundi. Inaita, inanyamaza, inaita. Ungeona penseli yangu ilivyokaa tayari. Lakini, mwanangu, mtu aliyekomea standadi sita akiwekwa peke yake mbele ya mashine ya wakubwa hujiona gavana. Nikajiambia si vizuri mgeni abishe hodi bila kujibiwa. Nikachukua maiki, nikafinya swichi.

Ile mashine ilikuwa hivi: ukifinya unasema, ukiachilia unasikia. Hakuna cha kusema na kusikia pamoja. Nilikuwa nimeona Fundi akifinya na kuachilia mara mia, lakini macho yangu yalikuwa kwa mdomo wake, si kwa kidole chake. Nikafikiri ni kama simu ya afisi ya shamba, ukiiweka chini inakatika. Kwa hiyo nikafinya, nikashikilia kama mtu ameshika kuku wa kuchinjwa.

Nikasalimia. Kimya. Nikasalimia na Kiingereza changu chote, na hakikuchukua muda. Kimya. Nikamjulisha kwamba mimi ni Kibet, mkubwa wa stesheni hii ya redio, aseme haraka ni treni gani. Kimya. Na huyo mzee wa watu, huko Jinja, ananisikia kila neno, na hawezi kuingia, kwa sababu mlango nimeukalia mimi. Hasira ikanipanda. Ndipo nikasema lile neno. Nikamwambia, "Kama ni kiburi, kaa nacho. Hapa kwa Harbans hakuna mtu anakungojea. Nenda zako India."

Nikaweka maiki chini nikijisikia mwanamume. Na papo hapo nikazima mashine, hata sikungoja kusikia.

Fundi alifika dakika chache baadaye, matope mpaka magotini, akauliza kabla hajavua viatu. Nikamwambia huyo mtu hakutaja siku yoyote. Na hiyo ilikuwa kweli. Fundi akaingia chumba cha nyuma. Aliweka kiganja juu ya mashine, ikamchoma. Mashine ya kusikiliza tu haipati moto hivyo. Akashika mkono wangu, akageuza kidole gumba, akaona alama ya swichi imechimba ngozi. Akakaa juu ya sanduku. Nilingoja anipige. Alitoa pumzi tu, ndefu, kama gurudumu limechomwa na msumari, na hiyo pumzi mpaka leo ningeibadilisha na kofi kumi.

Kesho yake akaja mzungu wa Molo, mwenye mchezo huo huo, ambaye alikuwa amesikiliza yote. Huyo alicheka mpaka akafuta macho. Lakini alipofika mwisho hakucheka. Alisema nilipoachilia, Kirpal aliingia na neno moja tu. Alisema, "Nimesikia." Akazima, na hakuonekana tena hewani.

Sasa ona kazi yangu. Mzee mmoja anasafiri akijua ndugu yake amemfukuza kwa mdomo wa kibarua. Mzee mwingine hana anwani, hana siku, na akimkosa kwa hiyo treni amemkosa mpaka kaburini. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini aliyemwaga hawezi kukaa tu akiangalia tope.

Nilikuwa na rafiki, Okelo, mchukuzi wa mizigo pale stesheni. Akanipa saa za kila treni ya kutoka Uganda. Jumanne tukaenda na Fundi, amevaa kile kilemba. Nikapita dirisha kwa dirisha nikiuliza kila Kalasinga kama ni ndugu wa Harbans. Mmoja alisema ndiyo, sote ni ndugu, akanipa chungwa. Jumatano tukarudi. Hakuna. Alhamisi Fundi akakataa kutoka dukani. Akasema mtu ambaye hataki kuonekana utapita mbele yake na usimwone. Nikaenda peke yangu.

Na hiyo ndiyo treni. Nilimjua kwa mzigo. Sanduku zito la mbao liko kwa magoti yake, amekatalia wachukuzi, na juu yake bunda la waya na shingo za chupa zimefungwa kwa gazeti lililopasuka. Hakuna msafiri mwingine chini ya jua anayebeba shingo za chupa kwenda India.

Nikauliza, "Mzee, wewe ni Bwana Kirpal?"

Akanisogezea sikio. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Hii sauti naijua."

"Ni yangu, mzee. Fundi hakuwako. Alikwama Solai kwa matope. Mimi niliambiwa nisikie tu, na nikasema. Yale maneno hakuniagiza. Ni yangu yote."

"Kwa nini hukuachilia swichi?"

"Niliogopa utakatika."

Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mbuzi aliyekula cheti cha ndoa. Akauliza ndugu yake yuko wapi sasa. Nikamwambia yuko dukani, na kwamba jana na juzi alikuwa hapa hapa, amesimama, na kilemba cha sikukuu. Akaniuliza kama kweli alikuja siku zote mbili, nikaapa. Ndipo akamkabidhi Okelo lile sanduku alilinde pale kitini, akashuka.

Injini ya mvuke ilikuwa inakunywa maji, nusu saa hivi. Tulifika dukani tukitweta. Fundi akatoka mlangoni na bisibisi mkononi. Wakasimama. Halafu Kirpal akainua macho kwa waya yetu pale juu ya bulugamu, akaonyesha na kidole, akasema kitu kwa lugha yao, na Fundi akajibu kwa ukali, na wakaanza kubishana. Kipanjabi sijui, lakini ubishi wa waya unajulikana kwa mikono: imelegea, haijalegea, ni fupi, si fupi. Nilitaka kulia. Dakika zinaisha na hawa watu wanapima waya.

Kisha Kirpal akauliza jambo kwa sauti ya chini. Fundi akaingia ndani, akarudi na picha ya mke wake. Kirpal akavua viatu pale pale kwa vumbi, akaishika picha na mikono miwili, akasema maneno marefu. Fundi hakumkatiza hata mara moja. Alisikiliza mpaka mwisho, na firimbi ya kwanza ikalia, na bado alisikiliza. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, na ninakwambia, hata kukohoa nilimeza.

Tulimrudisha mbio, kiatu kimoja amevaa, kingine amebeba. Treni ikiondoka walikuwa bado wameshikana mikono dirishani, mpaka Okelo akamvuta Fundi kwa koti asije akaenda nayo. Mimi Fundi aliniambia tu nije kesho mapema, na kwamba nikiiangalia ile maiki hata kwa jicho moja atanirudisha Rongai kwa teke. Miezi yote iliyofuata alinivalisha vile vya kusikilizia redio masikioni, akanipa penseli, nikaandika ninachosikia. Hapo ndipo ufundi wangu ulipoanzia, na ndio umemlisha baba yako mpaka wewe.

Kwa hiyo, mwanangu, shika haya. Ukitumwa kusikia, sikia. Kusema utapewa siku yako. Mtu asipokujibu, kabla hujamwita mwenye kiburi, jiangalie wewe umefinya wapi. Mdomo uliponza kichwa, na wangu uliponza vichwa vya watu wengine, ndiyo mbaya zaidi. Na ukishaharibu na ulimi, usitume barua wala mjumbe. Nenda na miguu yako, useme "ni mimi," mapema, kabla treni haijashiba maji.

Mungu akupe masikio mapana na subira ya kuyatumia. Akupe ndugu wa kubishana nao juu ya vitu vidogo mpaka mzeeke, na yule uliyemkosea umkute akiwa bado amekaa karibu na dirisha.

Wala usidhani nilipona siku hiyo. Jioni, Okelo na mimi tumekaa juu ya mikokoteni ya mizigo, nikamweleza kwa urefu, mwanzo mpaka mwisho na kurudi tena, jinsi pale nyuma ya mlango nilivyojifunza kunyamaza. Akangoja nimalize. Akangoja sana. Akaniambia, "Kibet, wewe hata kunyamaza unanyamaza kwa kelele."