Mdomo Ulipinda, Shemeji Akatafuta Chanzo

Jamani, pini zilinidondoka mdomoni.

Kama wewe si fundi cherehani utasema, kwani kuna nini hapo? Mimi pini nazibana kwa midomo tangu najifunza kazi. Naongea nazo, nacheka nazo, hata umbea napiga nazo. Asubuhi ile zikamwagika zote upande wa kushoto.

Nikanywa chai, ikachuruzika hadi kwenye gauni la mteja.

Nikakimbilia kioo. Nusu ya uso imelala! Mdomo umekwenda kulia, jicho la kushoto limekodoka, halifumbi hata nilibembeleze. Niliogopa, sifichi.

Narudi nyumbani, namkuta nani? Shemeji, kaka wa mke wangu. Mtaani tunamwita Chanzo, maana kuku akifa, taa ikizimika, yeye anakwambia, "Kila jambo lina chanzo." Kazi yake hakuna anayeijua. Chanzo cha kipato chake ndicho pekee asichokitaja.

Akanitazama, akaguna. Hicho ni kibao cha jini, akasema, na jini hampigi mtu bure. Nikataka kumjibu, yakatoka mate.

Mara mteja wangu, mama mtu mzima, akapita kuulizia gauni lake. Nikapepesa macho. Jicho zima likafumba, bovu likabaki wazi.

"Umeona?" Chanzo akamwambia dada yake. "Anamkonyeza mbele yako."

Kwa mshangao nikapepesa tena. Likawa konyezo la pili. Mama wa watu akaondoka hata gauni hakuuliza.

Basi kikao kikaitishwa. Mama mkwe, mjomba wa mke wangu, na Chanzo kwenye kiti changu. Hukumu ilishatoka: nimetoka nje ya ndoa, nikiri, nimtaje mwanamke, mdomo utanyooka wenyewe. Hospitali je? Chanzo akasema ukichomwa sindano jini akiwa mwilini, umekufa. Watu wazima wakaitikia kwa vichwa. Akili sijui walizivua mlangoni pamoja na viatu.

Nikiri nini mimi? Mwanamke niliyemshika kiuno nje ya ndoa ni lile sanamu la kuvalishia nguo dukani.

Kesho yake kikao kikaendelea. Jicho linawaka, mke wangu ananikwepa. Nikaona hapa napoteza uso na mke kwa mpigo mmoja.

Ndipo mke wangu akasimama.

"Nampeleka hospitali," akasema. "Akishanyooka, kama kweli ana mwanamke, nitampinda mwenyewe."

Daktari akaniambia nikunje paji la uso. Upande wa kushoto ukagoma. Akaniambia ninyanyue mikono, ikanyanyuka sawa. Akasema si kiharusi. Neva inayoendesha uso imevimba, ikabanwa kwenye mfupa karibu na sikio, mara nyingi kwa sababu ya virusi. Dawa ya kushusha uvimbe hufaa zaidi ikianza ndani ya siku tatu, na sisi tumewahi. Akanipa na matone ya jicho, na plasta ya kulifunga nikilala.

Mke wangu akauliza, na konyezo?

"Jicho moja lisipofumba, kila akipepesa utadhani anakonyeza," daktari akasema.

Mke wangu alicheka mpaka akalia.

Uso ukarudi taratibu. Chanzo naye, bila haya, akatangaza mtaa mzima kwamba nilikiri kimyakimya.

Mwaka haukuisha. Siku moja akaja dukani, leso usoni. Akaishusha. Mdomo upande, jicho limekodoka.

Nikamuuliza kama ameenda hospitali. Akatikisa kichwa. Wiki ya tatu hiyo.

"Shemeji," akasema, mate yanamtoka, "nimekiri."

Kumbe bwana aliuamini upuuzi wake mwenyewe! Alimketisha mkewe, akamtaja mwanamke. Mdomo haukunyooka. Akadhani hajamaliza, akamtaja wa pili. Halafu wa tatu. Mdomo uko palepale, mke ndiye hayupo.

Nikamchukua kumpeleka hospitali, huku roho yangu imetulia tuli, Mungu anisamehe. Daktari akamwambia bado kuna matumaini, ila amechelewa, atavumilia.

Tukiwa tunatoka, akanitazama akapepesa.

"Shemeji, unanikonyeza mimi?" nikamwambia. "Kila jambo lina chanzo."

Ndugu yangu, uso ukikulalia ghafla, nenda hospitali siku hiyohiyo, iwe neva iwe kiharusi. Ya kukiri yatakusubiri nyumbani, hayana haraka.