Mpangaji wa Miaka Thelathini na Mitatu

Lindsay Brodribb alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha mboga mpaka alipostaafu, na watu wa mji wa Ulverstone walimjua kwa mikono yake. Kifaa kikikushinda, ulimpelekea. Lakini kazi aliyoifanya kwa ustadi kuliko zote hakuna aliyemsifia, maana ilikuwa kazi ya kutoonekana.

Kila Jumapili asubuhi aliingia chumba cha nyuma, akatandua kitanda kidogo ambacho hakikuwahi kulaliwa na mtu, akatandika shuka safi. Mto aliubonyeza kwa ngumi katikati ili ufanane na mto uliolaza kichwa. Juu ya kijimeza kulikuwa na miwani yake ya zamani na kitabu, na kitabu hicho alikifunua kurasa kadhaa mbele kila wiki, mgeni akichungulia aone kwamba mtu anasoma. Kisha akafunga mlango, akarudi chumba cha mbele alikolala miaka yote, upande wa dirishani, ubavuni mwa Garnet Stubbings mwenye nyumba.

Usicheke. Walipohamia pamoja, mwaka themanini na tisa, sheria ya kisiwa cha Tasmania, huko Australia, ingeweza kuwatia jela wanaume wawili kwa kupendana tu, na iliendelea hivyo mpaka mwaka tisini na saba. Ilipofutwa, Garnet alikaa jikoni na gazeti, akalisoma mara mbili, halafu akasema, "Haya basi. Lakini kitanda tukiache vilevile." Wakakiacha. Mtu akishazoea kutembea kwa kunyata, hata akiambiwa nyumba ni yake ataendelea kunyata.

Mwezi wa tano, baridi ikianza, moyo wa Garnet ulimsimama bustanini akichimba viazi. Hospitalini Lindsay alipewa fomu, akafika mahali palipoulizwa yeye ni nani kwa mgonjwa. Mkono ukaandika wenyewe kabla kichwa hakijafikiri: mpangaji. Wauguzi wakahangaika kutafuta ndugu kwa simu, na mpangaji akabaki kwenye kiti cha ukumbini, kofia mapajani, mpaka daktari alipotoka. Kwenye mazishi alikaa mstari wa nne.

Wiki tatu baadaye ikaja barua ya wakili wa Darryl, mtoto wa kaka yake Garnet, anayeishi Hobart. Darryl hakuwa mtu mbaya. Aliamini tu alichoambiwa na Garnet mwenyewe tangu utotoni, kwamba yule bwana wa chumba cha nyuma ni mpangaji, mtu safi, hana makelele. Marehemu hakuacha wosia, kwa kuwa kuandika wosia kungemlazimu amweleze wakili kwa nini nyumba apewe mpangaji. Kwa hiyo barua ilisema kwa adabu zote kwamba nyumba itauzwa, na Bwana Brodribb ana hadi mwisho wa mwezi wa nane kuhama.

Lindsay aliisoma amesimama. Alikuwa na miaka sabini na minne, na nje ya nyumba ile hakuwa na pa kwenda.

Tangazo aliliona kwenye zahanati, limebandikwa nyuma ya mlango: kila Jumatano asubuhi, chumba cha ndani cha maktaba, kikao cha wazee wa mapenzi ya jinsia moja na waliobadili jinsia. Chai ipo. Kila Jumatano ya pili wakili wa msaada wa kisheria anakuja kutoka Burnie, kwa kesi za nyumba, mirathi na kazi, bila malipo kwa wenye pensheni. Alilisoma akijifanya anavaa koti.

Jumatano ya kwanza alifika maktaba akaishia kwenye rafu. Ya pili vilevile. Ya tatu mwanamke mrefu mwenye mabega mapana na rangi nyekundu ya midomo alitoka chumba cha ndani na sahani ya skonzi, akasimama karibu naye.

"Mzee, unafuga kondoo?"

"Hapana."

"Basi una wiki ya tatu unasoma magonjwa ya kwato za nini? Ingia ndani, skonzi zinapoa."

Huyo alikuwa Noeline. Aliendesha malori ya magogo miaka ishirini na mitano watu wakimwita kwa jina la kiume, na alipoamua kuwa yule aliyekuwa siku zote moyoni, hakuona sababu ya kupunguza sauti. Kazi yake kwenye kikao, kazi ya kujitolea, ilikuwa kukaa ubavuni mwa mtu mpaka mambo yake yaishe. "Mimi si wakili," alimwambia Lindsay. "Wakili anajua sheria. Mimi najua tumbo linavyouma kabla ya kufungua mdomo."

Ndani walikuwa watu saba. Lindsay alimtambua mwalimu mstaafu, na mama mmoja wa duka la mbegu aliyemuuzia miche miaka nenda rudi. Yule mama akainua kikombe, "Karibu, Lindsay. Umechelewa miaka kadhaa tu." Wote wakacheka. Lindsay alitaka kutoroka, lakini Noeline alikuwa ameketi kati yake na mlango, na lori lile halikuwa la kupita kirahisi.

Wakili, Prue Lockett, alikuwa mwanamke kijana mwenye buti za tope. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika neno.

"Pole sana," akasema. "Wewe si mpangaji, Bwana Brodribb. Wewe ni mgane."

 Tangu Garnet afe hakuna aliyempa Lindsay pole. Walimwuliza tu kama ameshapata chumba kingine.

Prue akamweleza. Sheria ya Tasmania inawatambua wawili walioishi kama wenza hata bila ndoa wala cheti, na kama wamekaa zaidi ya miaka miwili na marehemu hana mtoto wala wosia, aliyebaki ndiye mrithi. "Ila lazima tuthibitishe. Tafuta picha, barua, kadi, chochote kinachoonyesha mlikuwa wawili."

Noeline akaenda naye nyumbani. Walipekua makabati siku nzima. Kulikuwa na albamu kumi na moja: Garnet ufukweni, Garnet na kabichi kubwa, Lindsay kwenye mashua, Lindsay na keki ya miaka hamsini. Noeline alifunua mpaka albamu ya mwisho, akarudi ya kwanza, akamgeukia.

"Hamna hata moja mko pamoja."

"Nani angetupiga?" Lindsay akasema. "Mmoja alishika kamera."

"Miaka thelathini na mitatu!"

"Tulikuwa waangalifu."

"Waangalifu? Mama wee! Mmejificha mpaka mmejipoteza wenyewe." Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka katikati ya njia, akabaki anajifuta macho kwa ukingo wa sweta. Kadi za sikukuu ziliandikwa kila mtu kivyake. Hata kwenye fomu za kura na karatasi nyingine zote, Lindsay alijiandika mpangaji. Na wakili wa Darryl alishapata nakala ya fomu ya hospitali, mwandiko wa Lindsay mwenyewe.

Prue alikunja uso. "Basi tunahitaji watu. Nani alijua?"

"Hakuna," Lindsay akasema, na wallahi alilisema kwa fahari kidogo.

"Majirani?"

"Hakuna aliyejua."

"Tuwaulize. Watatoa hati ya kiapo, kila mtu alichoona."

Hapo Lindsay alisimama. Kumwuliza jirani ni kumwambia, na kumwambia ni kuvunja kazi ya maisha yake. Alisema bora ahame. Noeline hakubishana naye. Alimrudisha kwa gari, akazima injini mbele ya nyumba. "Mimi nilimwambia mama yangu nikiwa na miaka hamsini na mbili," akasema. "Sikufa. Yeye pia hakufa. Sikulazimishi, mzee. Lakini Garnet alikuachia nyumba, na wewe unataka kuikabidhi kwa adabu."

Lindsay alijikaza, akachukua barua ya Prue iliyoeleza yote, akaenda uani. Jirani wa mkono wa kulia alikuwa Thelma Crisp, mjane wa miaka themanini na sita, mtu wa kanisa, mkali wa mpaka wa bustani. Alikuwa anaanua nguo.  Lindsay alimpitishia barua juu ya uzio. Thelma akasoma mistari miwili, akamtazama.

"Nisubiri nikatafute miwani," akasema, akaingia ndani, akafunga mlango. Hakutoka tena.

Siku kumi zilipita. Lindsay hakutoka uani hata kumwagilia maji. Alianza kupanga vikombe kwenye maboksi, na kila kikombe alikifunga mara mbili kwa gazeti ili kazi isiishe upesi. Siku ya kumi na moja Prue akampigia simu, aje, na Noeline aje naye.

Mezani kulikuwa na lundo la karatasi. "Nilitegemea moja," Prue akasema. "Bibi Crisp ameleta tisa. Amezunguka mtaa mzima na mkongojo wake. Kaa chini, nikusomee."

Ya kwanza ilikuwa ya mwuza nyama. Aliapa kwamba Garnet Stubbings alinunua nyama mbili mbili kila Ijumaa, moja yenye mafuta na moja kavu, na akiulizwa husema ya kavu ni kwa ajili ya tumbo la Lindsay. "Mwenye nyumba hajui tumbo la mpangaji," aliandika. Ya pili ilikuwa ya mzee aliyeshika saa kwenye mechi za mpira. Aliapa kwamba kila msimu wa baridi wale wawili walikaa benchi la kaskazini na blanketi moja kwenye magoti manne, na kwamba benchi hilo hakuna mtu mwingine aliyelikalia, hata siku ambayo ndilo pekee lililokuwa tupu, kwa kuwa lilikuwa lao.

Lindsay alishika ukingo wa meza. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akifurahi kwamba benchi lile huwa wazi kila mara. Alidhani ni bahati.

Prue akafika kwenye karatasi za Thelma, zilizoandikwa kwa mkono, herufi zimelala upande mmoja.

"Nimefua nguo miaka sitini na shuka iliyolaliwa naijua. Kila Jumatatu Bwana Brodribb alianika shuka kubwa mbili na shuka ndogo mbili. Zile ndogo hazikuwahi kulaliwa. Nilimhurumia kwa kazi ya kuzifua.

"Mwaka tisini na nne alikuja askari nyumbani kwangu, na barua isiyo na jina la mwandishi, akauliza hawa wanaume wawili wanalala wapi. Nilimwambia Bwana Brodribb analala chumba cha nyuma na anakoroma hata mimi nasikia ukutani. Huo ulikuwa uongo na nilijua ni uongo. Mimi ni Mkristo na sikuwahi kusema uongo mwingine kwa askari. Kama ni kosa, niko tayari kulijibu. Leo naapa ukweli: walikuwa mume na mwenzake kama mimi na marehemu wangu, na waligombana kidogo kuliko sisi."

   Lindsay alijaribu kuirudisha miaka yote kichwani, na kila alipogusa palikuwa na mtu amesimama: kwa mwuza nyama, uwanjani, kwenye kamba ya nguo. Alidhani alikuwa amejenga ukuta, peke yake, kwa mikono yake hodari, kumbe mji mzima ulikuwa umeegemea upande wa pili kuuzuia usianguke. Akaogopa, ile hofu ya mtu anayeingia mahali patakatifu na viatu. Akavua kofia, akalia mbele ya watu kwa mara ya kwanza tangu utoto.

Hati zile zilipelekwa Hobart. Baada ya siku sita wakili wa Darryl aliandika kwamba mteja wake hana madai. Na Darryl mwenyewe akapiga simu. "Ningejua ningekuweka mstari wa mbele," akasema. "Nisamehe, baba mdogo." Cheti cha kifo kikaandikwa upya, na jina la Lindsay limo, mahali pa mwenza.

Jioni ya siku alipokipata alikwenda kwa Thelma, mlango wa mbele, si uani. Alibisha hodi. Thelma akafungua, akarudi kukaa kwenye kiti chake.

"Ulijua," Lindsay akasema. "Miaka yote hiyo. Mbona hukuniambia kamwe?"

"Ningekuambia mngehama."

Lindsay akafikiri. "Tungehama," akakubali. "Wiki hiyo hiyo."

"Basi. Na mimi ningeletewa nani hapo? Watu wenye mbwa." Thelma akamsogezea sahani ya biskuti, akaweka birika katikati. "Sasa kaa hapo, jirani, unihadithie mlivyokutana, usiruke kitu. Nimengoja kuuliza miaka thelathini."

Lindsay akavuta kiti.