Bomba Lililokatwa Chini ya Makuti

Nilikuwa nikimwombea msimamizi mabaya kila baada ya swala ya alfajiri, na sioni haya kuliandika. Shuleni Mombasa wenzangu huniita bubu, kwa sababu mwalimu akiniuliza swali hushika ukingo wa dawati na kutazama chini. Lakini moyoni nina maneno mengi, na likizo ile yote yalikuwa ya mtu mmoja.

Mama alikuwa akifua nguo katika nyumba ya Mzungu mmoja pale Diani, nyumba ya makuti karibu na ufuko. Mwenyewe aliishi bara, akija msimu kwa msimu. Aliyebaki na funguo ni msimamizi, mtu wa kwetu, mwenye kofia safi na sauti ya kuamrisha. Chumba cha kuogea kilikuwa na hita ya gesi, sanduku jeupe la bati lililopachikwa ukutani. Mtungi ulikaa nje, moto uliwaka ndani ya sanduku, na bomba la moshi lilipanda kutoka juu yake likapotelea darini. Upepo wa kusi ulipovuma moto ulizimikazimika, basi mama alikuwa akifunga dirisha na mlango, akafulia shuka humo humo kwa maji ya moto.

Asubuhi moja alianguka. Msimamizi alimkuta akitapika, macho mazito, maneno hayashikani. Hakumpa hata maji. Alimburura hadi uani, akamwita mtunza bustani na mlinzi wa nyumba ya jirani, ambaye ni mjomba wangu, waje waone.

"Tazameni mama wa watu! Asubuhi yote hii keshalewa tembo!"

Tembo! Mama yangu, ambaye hata dafu likichachuka hulimwaga mbali na mlango! Mjomba alimleta nyumbani kwa baiskeli. Jioni alikuwa mzima, lakini neno lilikuwa limekwisha kuzunguka kijiji.

Mama ndiye aliyekuwa muosha maiti wa wanawake kijijini kwetu. Akifa mwanamke, mtoto hutumwa mbio kwetu kabla hata sanda haijanunuliwa. Baada ya maneno yale alifariki bibi mmoja, jirani yetu. Tulisikia kilio. Mama akachukua kata yake ya kuchotea maji na kanga ya kujifunga kiunoni, akakaa kizingitini kungoja. Hakuja mtoto. Walikuwa wamemwita muosha kutoka kijiji kingine. Mama aliikunja ile kanga, akaikunjua, akaikunja tena. Hapo ndipo nilipoanza zile dua zangu.

Siku moja mjomba alikuja kwetu, akawa anakula muhogo na kupiga soga.

"Kuna Mgoa anakagua nyumba za ufukweni kabla wageni hawajaingia," alisema. "Kila penye hita huwasha kiberiti chini ya bomba. Moto ukivutwa juu, salama. Ukisukumwa kwako, basi hewa mbaya inarudi chumbani. Haina harufu, lakini mtu hulewa nayo, na asipotolewa hufa."

"Hulewa vipi?" nikauliza.

"Hutapika. Huongea ovyo ov..." Mjomba akaacha kutafuna. Tukatazamana.

Nitaandika ukweli kuhusu wazo langu la kwanza. Msimamizi alikuwa na mazoea ya kuoga mle mwenye nyumba akiwa hayupo. Niliwaza kumwacha aoge. Niliwaza hata kumfungia dirisha kwa nje. Nililala na wazo hilo kama mtu aliyelala na peremende mdomoni. Kilichonitoa humo si huruma. Akifa, nani angeyarudisha yale maneno?

Nilimtaka hai, na nilitaka mashahidi. Njiti ya kiberiti huonwa na yule aliyeishika tu. Kwa hiyo mkaguzi alipotoka nyumba anayolinda mjomba kwenda ile aliyofulia mama, tulimfuata, nami nimebeba chetezo cha mama, makaa yakiwa yameshashika.

Mkaguzi alifunga dirisha, akawasha hita, akangoja, akapeleka kiberiti chini ya bomba. Moto ulilala kumwelekea.

"Upepo tu huo, bwana," alisema msimamizi. "Upepo wa huku hauna adabu."

Nilitia ubani kwenye makaa nikakiinua chetezo. Moshi ukapanda mpaka chini ya bomba, ukasita, ukageuka, ukatushukia usoni. Mtunza bustani aliyesimama mlangoni aliuona. Mjomba aliuona. Msimamizi alikohoa.

Mkaguzi akazima hita, akafungua dirisha, akapanda ngazi mpaka darini. "Bomba limekatwa!" akapaza sauti. "Limeishia humu, chini ya makuti! Kazi ya nani hii?"

"Ni mimi, bwana," alijibu msimamizi, tena kwa majivuno. "Tulipoezeka upya. Bomba la moto kupita kwenye makuti, si nyumba ingeteketea? Nikawaambia waezekaji walikate, tundu walifunike. Na hita bado inawaka vizuri!"

Mkaguzi alishuka polepole. "Kuna mtu aliyepata kuanguka humu?"

Mtunza bustani alitazama miguu yake.

"Mama yangu," nilisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Nje msimamizi alinishika bega. "Mwanangu, haya tuyamalize wenyewe. Mama arudi kazini hata kesho."

"Hatarudi. Utakuja wewe kijijini kwetu, kwenye hitima ya yule bibi jirani, useme ukweli mbele ya watu. Mkaguzi atamwambia bwana wako la bomba; usipokuja, mimi nitamwambia la mama."

Alikuja. Kisomo kilipokwisha alisimama barazani, kofia mkononi, akanong'ona kama mgonjwa.

Nilikuwa nimekaa nyuma kabisa. "Mzee," nilisema, "huku hatujasikia."

"Na sisi wa jikoni tumepata nusu!" shangazi yangu alidakia kutoka ndani. "Siku ile uani ulikuwa na koo la mwadhini, leo limeingia nini?"

Wanawake wakaangua kicheko. Akarudia, shingo imemlowa jasho: "Hakunywa. Ilikuwa hewa ya ile hita. Mimi ndiye niliyemzulia." Mama alikuwa akipakua wali. Hakuinua uso, ila mkono wenye upawa ulisimama.

Likizo ilikuwa inaelekea ukingoni mtoto mmoja alipokuja kwetu mbio, hana pumzi. Mama alikwenda na kata yake. Alirudi adhuhuri mikono ikinukia karafuu maiti, akala, akalala usingizi mzito.

Msimamizi sasa akiniona njiani hunichekea na kunyoosha mkono. Namwamkia shikamoo, kwa sababu mama amenilea hivyo. Mkono simpi. Na ile dua ya alfajiri sijaiacha.