Msomi wa Lumbesa

Juzi pale Segera niliketi benchi moja na mnunuzi wa mahindi aliyekuwa akisoma kitabu kinene kuhusu ubepari. Kila ukurasa alipiga mstari kwa kalamu, akisonya. "Matajiri wanatunyonya, mzee!" akaniambia. Nikafurahi kumpata mfanyabiashara anayesoma.

Akafika mama mkulima kutoka Kwedizinga na magunia yake. "Shikamoo, mama," mnunuzi akasema, na heshima ikaishia hapo. Akalikandamiza gunia kwa goti hadi mahindi yakashuka. "Ongeza. Weka kilemba."

Ndiyo lumbesa hiyo: nundu juu ya gunia, ambayo mkulima huilima na mnunuzi hailipii.

"Si ilikatazwa, mwanangu?"

"Soko ndivyo linavyotaka, mama."

Mama akakitazama kitabu. "Humo wameandikwa akina nani?"

"Wanyonyaji."

"Hebu nisomee, nione kama umo."

Akakifunga, kidole kikabaki ndani asije akapoteza ukurasa. Kwa mkono wa pili akaonyesha gunia: "Bado kidogo."

Mama akamimina. Nasi tunaendelea kuhubiri kwamba watu wakisoma, wataona haya!