Matawi Yangu Mbele ya Nyumba ya Mdogo Wangu

Nilikuwa nikimwonea wivu mdogo wangu hata kabla ya upepo ule, nisiseme uongo. Lakini wivu wa zamani ulikuwa mdogo, wa kumezwa na chai asubuhi. Baada ya dhoruba ulikua mpaka ukaniendesha kama mtu anavyoendesha gari.

Kimbunga kilipiga pwani ya kusini, mbali sana na sisi. Sisi hapa Louisville tulipata mkia wake tu, mvua na upepo wa siku moja na nusu. Mkia huo ulitosha. Mti mkubwa uliokuwa nyuma ya nyumba yangu huku Newburg uling'oka na mizizi yake, ukalala juu ya uzio, na tawi lake moja likaangukia kibarazani na kuvunja ngazi. Umeme ulikatika siku tano. Kwenye kijibarabara chetu hakuna nyumba iliyosalimika. Kila mtu alikuwa na rundo lake la matawi.

Mdogo wangu alinipigia simu upepo ulipotulia. Yeye anakaa Okolona, si mbali, na huniita yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya, kwako kuko aje?"

"Tuko wazima. Mti umeanguka, lakini nyumba iko sawa."

"Bon, basi, kesho nitakuja na bwana yangu, tukate huo mti."

"Acheni. Tutajipanga wenyewe."

Akasema sawa. Mume wangu, aliyekuwa amekaa karibu, aliniuliza kwa nini nimekataa msaada wakati yeye mgongo unamuuma.

Ningemjibu nini? Mimi ndiye niliyetangulia kufika nchi hii. Nilipokelewa Buffalo, wakati wa theluji, na watoto wawili, bila neno la Kiingereza. Nilifagia hoteli moja kule Kenmore miaka mitatu, kisha tukasikia Louisville kuna kazi za ghala na baridi si kali hivyo, tukahama. Mdogo wangu alibaki kwenye kambi ya wakimbizi na mama. Walipokuja, mimi ndiye niliyewapokea uwanja wa ndege. Nilimfundisha mdogo wangu kupanda basi, kufungua akaunti, kusoma barua za shule. Alilala kwenye kochi langu miezi saba. Halafu akaenda shule ya jioni, Kiingereza kikamkubali, akapata kazi ya ukalimani kwenye kliniki. Anakaa kwenye kiti, anavaa viatu safi, watu wanamwita kwa heshima. Mimi mpaka leo napanga maboksi zamu ya jioni. Na mama, aliyehamia Columbus kwa kaka yetu, kila akinipigia simu haimalizi bila kusema: "Mdogo wako ametupandisha." Kana kwamba mimi nimewashusha.

Jiji lilitangaza kwamba kila mtu avute matawi yake mpaka ukingo wa barabara, malori yatapita kuyachukua. Binti yangu alinisomea tangazo hilo kwenye simu. Tulifanya kazi wiki nzima. Mume wangu aliazima msumeno wa injini kazini kwake akakata alivyoweza, mimi na binti tukavuta. Nilikuwa naamka, navuta matawi mpaka saa saba mchana, naoga, naenda ghalani. Mikono ilichubuka mpaka nikashindwa kushika mkanda wa maboksi vizuri. Tulipomaliza, rundo letu lilikuwa refu kuliko binti yangu, na majirani nao walikuwa wamepanga ya kwao.

Lori halikuja. Wiki ya kwanza tulisema wana kazi nyingi. Wiki ya pili, Jumatano, nilimpelekea mdogo wangu unga wa muhogo, nikalikuta lori mtaani kwake. Lilikuwa na mkono wa chuma wenye makucha. Mkono ulishuka, ukakumbatia rundo zima la mbele ya nyumba yake, ukaliinua kama mama anavyomtoa mtoto kwenye beseni. Mtu mmoja aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa akafagia mabaki. Akafagia kweli. Niliketi ndani ya gari nikitazama mpaka walipohamia nyumba ya pili. Nilirudi na unga wangu nyumbani.

Siku iliyofuata nilipiga simu jijini, binti yangu akinisaidia. Dada aliyepokea alikuwa mpole. Aliuliza anwani, akatafuta, kisha akasema barabara yetu si ya jiji. Ni barabara ya watu binafsi, mali ya wenye nyumba wenyewe, na malori ya jiji hayaruhusiwi kuingia kwenye mali ya mtu.

"Mwambie sisi tunalipa kodi kama wengine," nilimwambia binti.

Binti alisema, akasikiliza, akanigeukia. "Anasema anajua, mama. Anasema chama cha wakazi kinaweza kuomba, kuna fomu."

Sikusikia habari ya fomu. Nilisikia jambo moja tu: tulinunua nyumba hii kwa jasho la miaka tisa, na hakuna aliyetuambia kwamba barabara inayofika mlangoni haihesabiwi. Ya mdogo wangu inahesabiwa.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda kula kwake. Nyasi zake zilikuwa zimechanwa vizuri kama nywele, huwezi kujua kama upepo ulipita. Alikuwa ameweka viti nje. Mama alikuwa kwenye simu ya video kutoka Columbus, akizungushwa aone uwanja.

"Walipita Jumatano, wakapita tena jana," mdogo wangu alisema. "Hata jani moja hawakuacha."

"Unaona," mama alisema. "Ukikaa mahali pazuri, serikali inakuja yenyewe." Kisha akaniuliza: "Na kwako je, wamesafisha?"

"Watakuja," nilisema.

Mdogo wangu aliniangalia. Nadhani alitaka kuuliza, lakini niliinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo havikuhitaji kuoshwa.

Jumanne asubuhi, mume wangu akiwa amelala baada ya zamu, nilichukua pikapu yake. Nilipakia matawi mpaka hayatikisiki, nikaenda Okolona, nikayashusha mbele ya nyumba ya mdogo wangu. Nilijua yuko kliniki na mume wake yuko kiwandani. Nilijiambia lori litapita tena, nao hawatakosa chochote. Nilijua pia kwamba lilishapita mara mbili. Nilirudi nikapakia tena. Safari tatu. Safari ya mwisho, jirani yake, mzee mmoja Mzungu anayeishi peke yake, alikuwa anafagia kibaraza chake. Aliinua mkono kunisalimu. Ananifahamu, tumewahi kula naye nyama choma hapo uwanjani. Nami nikainua mkono.

Nitasema nilivyojisikia, kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika haya. Nilijisikia vizuri. Nilitazama rundo lile kwenye nyasi zake zilizochanwa, nikaona sasa tumelingana. Nilikwenda kazini siku hiyo nikiimba.

Baada ya siku mbili mdogo wangu alipiga simu, sauti imepanda. Jiji lilikuwa limebandika karatasi ya onyo mlangoni kwake: muda wa kuchukua matawi mtaani kwake umekwisha, ayaondoe mwenyewe ndani ya siku kumi, la sivyo ataadhibiwa.

"Yaya, mtu amekuja kumwaga takataka zake kwangu. Ni huyu mzee wa pembeni, hakuna mwingine. Nimemwendea mlangoni nimemwambia yote yaliyo moyoni."

"Yeye alisema nini?"

"Alisema si yeye. Bon, angesema nini? Nikamwita mwongo, akafunga mlango." Akavuta pumzi. "Yaya, nisaidie. Bwana yangu wamemwongezea masaa. Njoo na pikapu Jumamosi, tuyapeleke mahali pa kutupia."

Nilikwenda. Sikuona namna ya kukataa bila kusema. Tulivaa glavu, tukaanza kupakia matawi yangu mwenyewe, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine. Alikuwa anaongea wakati wote. Alisema hajalala vizuri. Alisema anapenda mtaa huu kwa sababu ya yule mzee, ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kufunga maji wakati wa baridi, na sasa ameona kumbe watu ni walewale. "Labda hataki sisi tukae hapa," alisema. "Labda alikuwa anatabasamu tu." Nilivuta tawi nikalitupa kwenye pikapu kwa nguvu ili nisisikie.

Mlango wa jirani ukafunguka. Mzee alitoka na toroli na glavu zake. Alikuja polepole, maana goti lake moja ni bovu, akasimama mbele ya rundo. Alimwambia mdogo wangu kwamba hakuweka matawi haya, lakini kazi ni kubwa na anaweza kusaidia kidogo. Kisha akanitazama mimi. Hakunitazama kwa ukali. Alinitazama kama mtu anayengoja zamu yake ya kuongea, halafu akainama akaanza kupakia toroli.

Alijua. Alikuwa amejua tangu alipogongewa mlango, na alikuwa amekubali kutukanwa.

Nilimwita mdogo wangu pembeni ya pikapu.

"Matawi haya ni yangu," nilisema. "Mimi ndiye niliyeyaleta. Jumanne."

Mwanzoni hakuelewa. Alidhani namaanisha kitu kingine. Nilirudia. Alivua glavu moja, halafu ya pili, akaziweka juu ya matawi.

"Kwa nini?"

"Kwangu hawakuja. Barabara yetu si ya jiji."

"Donc, basi ungeniambia, ungeleta mchana kweupe, tungeyaweka pamoja kabla lori halijapita. Mimi ningekukatalia?"

"Ningekuomba wewe?" nilisema, na sauti yangu ilitoka mbaya kuliko nilivyotaka. "Kila siku mama ananiambia wewe umetupandisha. Ningekuja kukuomba na ukingo wa barabara pia?"

Alikaa kwenye ngazi ya mlango wake. Alinionyesha mzee kwa kidevu.

"Nimemwita mwongo mlangoni kwake, yaya. Nenda ukamwambie."

"Njoo unitafsirie."

"Hapana. Nenda mwenyewe."

Kwa hiyo nilikwenda na Kiingereza changu cha ghalani, ambacho kinajua maboksi, namba za milango na saa za mapumziko. Nilimwambia: matawi yangu, mimi nilileta, mdogo wangu hakujua, wewe hukufanya kitu, nisamehe. Sina hakika niliyapanga maneno vizuri. Mzee aliegemea toroli. Alisema aliniona siku ile na alidhani tumekubaliana mimi na mdogo wangu. Nilimuuliza, kwa nini hukumwambia alipokuja? Alifikiri, akasema halikuwa jambo lake kusema. Kisha akasema yeye pia ana kaka, akarudi kwenye matawi.

Tulipakia sote watatu, pikapu ikajaa mara tatu mpaka rundo likaisha. Mdogo wangu hakuniambia neno lingine siku ile, wala wiki iliyofuata. Nilimpigia, hakupokea.

Ndani ya wiki hiyo nilikumbuka fomu. Mwenyekiti wa chama chetu cha wakazi, dereva wa basi mstaafu anayekaa nyumba ya kona, alinicheka nilipomwuliza. Alisema chama hakijakutana miaka mingi na hata muhuri hajui uko wapi. Lakini alivaa koti lake tukaenda pamoja ofisi za jiji. Jiji lilitaka mambo mawili: ruhusa iliyosainiwa na wenye nyumba kwamba malori yaingie na jiji halitashtakiwa lami ikipasuka, na maelezo kwamba matawi yale ni hatari. Hatari ilikuwepo, gari la wagonjwa lisingepita kwenye kijibarabara kile. Mimi, mwenyekiti na binti yangu tuligonga mlango mmoja mmoja. Kwa Waburundi wawili niliongea mwenyewe, kwa Kiswahili. Kwa wengine nilisema kwa Kiingereza, binti akanirekebisha, nami sikuona aibu kama nilivyozoea.

Mstari mmoja wa fomu ulitushinda. Ulikuwa na maneno ya kisheria ambayo binti hakuyaelewa wala mwenyekiti. Nilipiga picha nikamtumia mdogo wangu, bila salamu, maana sikujua salamu ipi ingefaa. Jibu lilikuja baada ya saa moja: maelezo ya mstari ule, na chini yake, "Usisahau tarehe."

Lori lilikuja wiki ya tatu baada ya fomu kupokelewa. Lilichukua matawi ya ukingoni tu. Gogo kubwa lililokuwa nyuma ya uzio hawakuligusa, walisema huko hawaingii. Mdogo wangu alikuja kutazama, akiwa na sare ya kliniki. Tulisimama pamoja kibarazani. Aliniambia amempelekea mzee sambusa, na mzee amezila zote amesimama.

Jioni hiyo mama alipiga simu kutoka Columbus. Alikuwa amesikia. "Nimefurahi," alisema. "Mshukuru mdogo wako. Bila yeye mngekaa na takataka zenu mpaka lini?"

Wivu ulinipanda pale pale, mpaka masikio yakawa ya moto. Niligonga milango ishirini na mbili. Yeye alisoma mstari mmoja.

Mara hii nilimpigia mdogo wangu nikamwambia hivyo hivyo, kwamba mama ameniambia hivi na nimemwonea wivu sasa hivi, nikiwa nimekaa jikoni.

"Mimi akinipigia," alisema, "anauliza kwa nini sina nguvu ya kazi kama wewe. Anasema mimi nimekaa kwenye kiti tu."

Sijui kama alisema kweli au alitaka kunituliza. Sikumuuliza. Nilimwambia gogo bado liko nyuma ya nyumba, na Jumamosi, kama bwana yake ana nafasi, waje na msumeno.