Diski Iliyotoka kwenye Maji ya Gatumba

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya dada yangu, vikanibana tangu asubuhi mpaka saa ya kutoka. Kampuni ile ya kutoa mizigo forodhani ilikuwa katikati ya mji wa Bujumbura, na mimi nilikuwa binti wa mtaa wa Buyenzi aliyejifunza kupiga taipureta kwenye masomo ya jioni. Aliyenipokea ni shefu wa ofisi, mwanaume mrefu asiyependa maneno. Alinionyesha meza, mashine na rundo la karatasi, akabaki amesimama nyuma yangu.

Kazi yetu ya kupiga taipureta iliitwa udaktilo. Fomu ya forodha ilikuwa na nakala tano, na kati ya nakala na nakala tuliweka karatasi ya kaboni ili herufi zipite mpaka chini. Ukikosea herufi moja ulianza fomu nzima upya, kwa sababu forodha hawakukubali karatasi iliyofutwa. Asubuhi ile niliharibu fomu nne. Shefu hakukasirika.

"Mi sitaki mbio," aliniambia. "Mi nataka kazi isirudiwe."

Nilikaa na maneno hayo miaka mingi, nikawa daktilo mzuri. Kisha siku moja wapagazi wawili wakapanda ngazi na katoni kubwa, wakaiingiza kwenye chumba cha Direkteri, mkurugenzi wetu, chenye pazia na mashine ya kupoza hewa. Kompyuta ilikuwa imefika. Sisi tuliiita ordinateri, kwa Kifaransa. Mtu wa dukani alikuja siku tatu kumfundisha Direkteri na shefu, nami nilisimama mlangoni na mafaili yangu, nikinyoosha shingo.

"Mama Mwajuma asiguse hii," Direkteri alimwambia shefu, mbele yangu. "Yeye iko na mashine yake."

Sikugusa. Lakini mwezi haukuisha kabla Direkteri hajasafiri, na kukawa na shehena iliyotakiwa kutoka siku hiyohiyo. Shefu alihangaika na vidole viwili mpaka jasho likamtoka. Mwisho akaniita.

"Mwajuma, kuja. Kaa."

Nilikaa. Vidole vilizijua herufi, kwa hiyo nilianza kuandika, na kwa woga nikakosea herufi moja ya jina la mwenye mzigo. Niliacha kuandika nikijua nimeharibu. Shefu akanyoosha mkono, akabonyeza kitufe kimoja, na herufi ile ikaondoka. Haikuacha alama. Hapakuwa na doa, wala tundu, wala kivuli chake. Niliondoa mikono nikaiweka mapajani. Mimi ambaye nilikuwa nimetupa mamia ya fomu kwa ajili ya herufi moja, nilitazama pale mahali palipokuwa na kosa langu na sikuamini kwamba palikuwa safi hivyo.

Tulipokaribia kumaliza, umeme ukakatika. Kioo kikawa cheusi, nikadhani nimeiua. Shefu alisubiri umeme urudi, akaiwasha, akatafuta jina la karatasi yetu, na karatasi ikatokea tena, mstari kwa mstari, kasoro mistari miwili ya mwisho.

"Ilikuwa wapi?" nilimuuliza.

"Mu diski."

"Na diski iko wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, shefu?"

Alifikiri kidogo. "Na mimi sijui," alisema. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema hajui.

Nataka vijana wanaosoma haya waelewe kwamba mapenzi yangu na mashine yalianzia pale, kwenye jibu lile. Nilirudi Buyenzi jioni hiyo na kumwambia mume wangu, Hamisi, aliyekuwa fundi wa magari, kwamba nataka kufungua redio yetu ya kaseti iliyokufa. Hakuuliza kwa nini. Alinichagulia bisibisi ndogo mbili na kunipisha mezani. Ndani nilikuta mkanda mwembamba wa mpira, uliotakiwa kuzungusha gurudumu la kaseti, umelegea kama uzi uliolowa. Nilibadilisha mkanda, redio ikaimba. Kuanzia hapo kila Jumapili ilikuwa siku yangu ya kufungua vitu.

Nilijifunza deki za video, zile zilizocheza kaseti nene kama tofali. Ndani yake kuna kichwa kinachozunguka, cha chuma king'aavu, na picha ikianza kunyesha mvua ujue kichwa kimechafuka. Nilikisafisha kwa spiriti na kipande cha ngozi laini, nikikishika kwa upole. Nilijifunza televisheni za kioo cha zamani, ambazo hushika umeme tumboni hata ukishazichomoa ukutani. Hilo nilijifunza kwa kurushwa mpaka ukutani, na Hamisi akanikataza wiki mbili. Sikuwa fundi wa kulipwa. Majirani waliniletea vyombo kwa kuwa walijua nitafurahi kuviona.

Baadaye nilihamishiwa depo ya bandarini, kule vumbi la saruji linapoingia hata kwenye chai. Shefu wa depo alikuwa mtu mnene, mcheshi, asiyejali kompyuta kabisa. Zilikuwa zinakufa moja baada ya nyingine kwa vumbi, naye alizipanga ukutani kama magunia. Nilimwomba ruhusa nizipeleke Buyenzi zikapulizwe kwa kompresa ya gereji, ile inayojaza hewa kwenye matairi. Mbili zilifufuka. Tatu zilikataa kabisa.

"Hizi beba," aliniambia. "Hapa zinakula nafasi tu."

Kutoka kwenye hizo tatu nilitengeneza moja. Ilinichukua karibu mwaka, Jumapili kwa Jumapili: chanzo cha umeme cha hii, diski ya ile, kioo cha tatu chenye ufa pembeni. Siku ilipowaka, Hamisi alikuwa amesimama mlangoni na mikono yenye oili.

"Iko na uhai?" aliuliza.

"Iko nao."

Alivua viatu, akaingia, akakaa kitini, na tukaangalia kijishale kidogo kikiwakawaka kwenye kioo kitupu. Hakuna kilichokuwa kinatokea. Tulikaa hivyo mpaka adhana.

Nilistaafu nikiwa na miwani mizito na mgongo wa daktilo. Direkteri mpya, kijana mpole, alisema maneno mazuri, wakanipa chupa ya chai na kitenge. Miaka miwili baadaye Hamisi alifariki. Nilibaki na kompyuta yangu, na picha zake zilizokuwa ndani, ambazo nilizifungua kila asubuhi baada ya kufagia.

Sasa niwaambie kazi iliyonichukua nguvu kuliko zote, nayo niliifanya nikiwa nimeshastaafu.

Mwaka maji ya mto na ziwa yalipofunika Gatumba, kule karibu na mpaka wa Kongo, watu walitoka na magodoro vichwani wakatawanyika kila mahali. Asubuhi moja mwanamke wa Kikongo alipiga hodi kwangu. Alikuwa na mtoto wa kike wa miaka kama sita, na nyuma yao mwanaume mwembamba aliyejifunga skafu shingoni, akiwa na daftari mkononi.

"Mama, wametuambia ni hapa kwa mama wa maordinateri," alisema mwanamke. Jina lake Furaha. Mwanaume alikuwa mume wake, Bahati, na mtoto aliitwa Neema. Walikuwa wamepanga chumba Kinama baada ya nyumba yao kujaa matope.

Furaha alifungua mfuko wa plastiki, akatoa diski. Naieleza kidogo. Diski ni kisanduku cha chuma kinachotosha kiganjani. Ndani yake kuna sahani zinazong'aa kama kioo, zinazunguka kwa kasi, na juu yake kunaelea sindano ndogo isiyozigusa. Kila kitu ulichowahi kuhifadhi kiko kwenye sahani hizo. Chini ya kisanduku, kwa nje, kumefungwa kibamba cha kijani chenye nyaya, ambacho ndicho kinachoziamrisha sahani. Hii ya kwao ilikuwa na matope kwenye kila pembe.

"Bwana yangu alikuwa anaimbisha kwaya," Furaha alisema. "Kule Uvira, kisha hapa Gatumba. Alikuwa anajirekodi mu ordinateri ili wengine wajifunze nyimbo. Kisha wakamupasua mu koo, kwa sababu ya ugonjwa. Sauti ikaisha. Huyu mutoto alizaliwa kisha ile operesheni."

Nilimtazama Bahati. Aliandika kwenye daftari, akanigeuzia: *Hajawahi kunisikia.*

"Mliiwasha baada ya maji?" niliuliza.

"Jirani aliitia mu umeme. Ikatoa moshi."

Niliwaambia ukweli. Moshi ulitoka kwenye kibamba, kwa hiyo kibamba kimekufa. Sahani huenda ni nzima. Nikipata kibamba pacha, cha diski ya aina ileile na namba ileile, naweza kujaribu. Niliwaomba muda, nikaisafisha diski na kuiacha dirishani kwenye upepo.

Nilitembea Buyenzi yote na namba ile kwenye kikaratasi. Niliingia kila duka la vipuri vya umeme, nikafukua makreti ya vyombo vilivyokufa. Hapakuwa na pacha. Siku ya nne nilirudi nyumbani nimechoka, nikafungua kompyuta yangu mwenyewe ili tu nilinganishe ukubwa wa skrubu. Namba niliyokuwa naitafuta mji mzima ilikuwa pale, kwenye diski yangu.

Nilifunga kifuniko nikakaa kitandani.

Diski iliyoingia maji inaweza kuunguza kibamba kizima, na pamoja nacho kompyuta inayoisoma. Ikitokea hivyo, kompyuta yangu haitawaka tena, na kwa umri wangu sitatengeneza nyingine. Furaha alipokuja kesho yake kuuliza, nilimwambia bado natafuta. Ulikuwa uongo. Alinishukuru, akaenda zake kwa miguu mpaka Kinama.

Nilimdanganya mara mbili. Mara ya pili, baada ya kuondoka, nilifungua picha za Hamisi kama kawaida. Hamisi kwenye harusi ya mpwa wake. Hamisi chini ya lori. Hamisi amelala kitini na mdomo wazi. Nikajaribu kukumbuka jinsi alivyokuwa akiniita kutoka uani, na maneno niliyapata, lakini sauti haikuja. Nilikuwa nimeishi na redio za kaseti, na deki, na kompyuta, mikono yangu imezifungua zote, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kubonyeza kitufe nikaiweka sauti yake ndani.

Siku mbili nilinakili picha kwenye flashi niliyoazima kwa jirani, nikikatizwa na umeme. Kisha nikafungua kibamba cha diski yangu, skrubu sita, nikakifunga kwenye ile ya Gatumba. Diski hiyo ndiyo ingekuwa ya kusomwa, kwa hiyo kompyuta yenyewe niliiwasha kwa diski ndogo ya zamani iliyobaki kwenye zile mashine tatu za depo. Niliwaita waje baada ya sala ya adhuhuri.

Furaha alikaa kitandani. Bahati alibaki amesimama. Neema alikuwa anachezea pindo la pazia. Nilibonyeza, nikasikia sahani zikianza kuzunguka, taratibu, kisha kwa kasi, kama nyuki ndani ya kopo. Kwenye kioo kikatokea kifurushi chenye jina: *Nyimbo*. Sikucheza chochote. Nilianza kunakili kwanza, kwenye flashi ileile, maana sikuiamini ile sauti ya nyuki. Zilipita nyimbo kumi na moja. Kwenye wa kumi na mbili diski ikaanza kugonga, tak, tak, tak, nikanusa harufu ya kuungua, na kila kitu kikazima.

Nilijua kibamba changu kimekwenda, na kompyuta yangu, na sahani zao pia. Nilichomoa flashi, nikaipachika kwenye spika yangu ndogo ya redio, inayosoma flashi, nikabonyeza.

Mwanaume akakohoa ndani ya spika. Akasema, kwa sauti nzito yenye kicheko, "Soprano, musikilize muzuri. Sirudii." Kisha akaimba.

Nimeona vitu vingi vikiwaka mbele ya macho yangu, lakini sijui nieleze vipi nilichokisikia mchana ule. Ilikuwa sauti pana, iliyojaza chumba bila kupanda juu. Furaha aliinama, uso kwenye magoti. Bahati hakulia. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayekagua kazi yake, kichwa upande mmoja, na midomo yake ilifuata kila neno.

"Ni nani?" Neema aliuliza.

"Ni papa yako," mama yake alisema.

Mtoto alitazama spika. Alimtazama baba yake. Alimwendea, Bahati akainama, naye akaweka kiganja juu ya ile skafu, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

Sikuwaambia habari ya kibamba, kwamba kilikuwa cha kompyuta yangu. Furaha aliigundua mwenyewe wiki chache baadaye, alipokuja na ndizi akaiona kompyuta imefunikwa kitambaa. Aliuliza, nikajibu. Aliweka ndizi mezani, akasema, "Mama, Jumapili utakuja kwetu."

Siku hizi mikono inatetemeka, siwezi tena kushika waya wa kuunganishia. Vijana wa Buyenzi wanafungua simu nyembamba kuliko vidole vyangu, na ndani ya simu moja kuna kaseti, deki, televisheni na ofisi yote ya Direkteri. Mimi huwauliza vitu hivyo vinakaa wapi. Wananijibu vizuri, kwa majina sahihi, na mimi naelewa, kwa sababu nimesoma na nimefungua. Lakini bado nikishaelewa nabaki na ule mshangao, haujapungua hata kidogo, na sidhani kama nataka upungue.

Jumapili ile nilikwenda Kinama. Mimi Mwislamu mzee nilipewa kiti cha plastiki karibu na mlango wa kanisa lao la mabati, mtandio wangu kichwani, na watu wakanisalimu kwa heshima. Kwaya ilisimama. Neema alikuwa mstari wa mbele, mdogo kuliko wote. Mtu mmoja akaweka spika juu ya meza. Bahati akatoka mbele, akawageukia, akainua mkono, na sauti yake ikaanza. Mkono ulipopanda, ilipanda nao. Mkono uliposhuka ikashuka, na kwaya nzima ikaingia nyuma yake, wakimwangalia yeye, siyo spika.