Ruta Aliyoichagua Mzamil

Mzamil alikuwa seremala wa milango na madirisha, na karakana yake ilikuwa chumba cha chini cha nyumba yake mwenyewe, uchochoro mmoja kutoka barabara ya Ndia Kuu. Mikono ilipoanza kumtetemeka alidhani ni uchovu. Daktari akamwambia ni maradhi yasiyopona, dawa ingeyachelewesha tu. Patasi ilipomponyoka ikamkata kiganja, akaiweka chini.

Mkewe, Mejumaa, ndiye aliyesikia habari za ruta, mashine ya kuchimba mifuo kwenye mbao, ambayo hufungwa chini ya meza kisu kikachomoza juu.

"Mashine yakaa, ubao ndio waenda," alimwambia. "Huna haja ya kuibeba."

Mzamil akaenda mtaa wa Shimanzi, kwenye gudauni la mashine zilizotumika. Muuzaji, Barnabas, alimfungia ruta moja kwenye jeki, yaani chuma cha kuipandishia na kuishushia, akampa mpini wa kuzungushia.

"Pandisha kisu hadi kwenye alama hii, mzee."

Mzamil akazungusha. Kisu kikapita alama. Akakirudisha, kikapita tena. Barnabas akageuka, akajifanya anafuta vumbi mashine nyingine.

"Nitafutie jeki nzito," Mzamil akasema taratibu. "Isiyosikia kila kitu."

Ikapatikana moja ngumu, ya kuzungushwa kwa nguvu za bega. Ruta nayo akachagua kubwa kuliko zote, akiamini uzito ungemtuliza.

Nyumbani jeki ilimtii. Kisu kilisimama palepale alipotaka, na Mejumaa akamwona mumewe akitabasamu, jambo alilokuwa amelisahau. Kisha Mzamil akawasha, akausukuma ubao wa mbambakofi. Ubao ukatetemeka pamoja naye, mfuo ukatoka umepindapinda. Akajaribu mwingine, viwiko amevibana mbavuni. Yakawa yale yale. Mejumaa akaja akaweka mikono yake juu ya mikono ya mumewe, na mtetemo ukawapitia wote wawili.

"Hebu toa mikono, Baba Sheikha," akamwambia mumewe.

Akatoa. Mejumaa, ambaye hakuwa amewahi kushika hata randa, akausukuma ubao polepole mpaka mwisho. Mfuo ukatoka umenyooka.

Mzamil akaupeleka ubao dirishani, akapitisha kidole, akatafuta kasoro asiione.

"Nifanye wa pili?" Mejumaa akauliza.

"Fanya."

Mzamil akavuta kigoda akaketi, mikono ameibana katikati ya magoti, akamtazama mkewe.